Welda wa jua kali Nakuru anataka kazi ya kiwandani: karatasi zipi, na jaribio likoje?

FundiGeti, Nakuru
Habari wadau. Nachomelea mageti, madirisha na trela za trekta. Ujuzi wote ni wa jua kali, cheti hamna. Nataka kuingia kiwandani, iwe hapa, Naivasha au viwanda vya sukari huko magharibi. Nianze na karatasi zipi, zipi zingoje? Na kwenye jaribio la vitendo wanatazama nini hasa?

Karakana_Kisumu
Ndugu, naanza na jaribio kwa sababu ndilo linaloangusha mafundi wazuri wa mageti. Geti linasamehe: chuma ni chembamba, kazi imelala chini, na grinda inaficha mengi. Kiwandani jiandae kupewa mabamba mawili ya milimita 8 au 10, yamesimama wima, uchomelee ukipanda kutoka chini kwenda juu, na huenda usiruhusiwe kugusa uso wa mshono kwa grinda.

Kingo ndizo kazi yenyewe. Kata kila bamba mshazari wa digrii 30 hivi, acha ukingo bapa wa milimita 1.5 hadi 2, kisha acha mwanya wa milimita 2 hadi 3. Wengi huyabana mabamba yakagusana kama kwenye geti. Hapo moto haupenyi hadi nyuma, na bamba likipindwa kwenye presi ili mshono upimwe, linapasuka palepale. Piga vishikizo (nukta za weldi za kushikilia mabamba) imara kwenye ncha zote mbili, la sivyo mwanya utajifunga joto likipanda.

Rodi ya E6013 ya milimita 2.5, ile madukani huitwa geji 12, inataka ampea 60 hadi 90. Ya 3.2, yaani geji 10, ni 90 hadi 130. Ukipanda wima kaa upande wa chini wa vipimo hivyo. Moto mkali na rodi iliyoshikwa mbali huchimba mfereji kando ya mshono, na mkaguzi huuona kabla hajatoa kipimo mfukoni. Moto mdogo nao hufungia taka (ukoko wa rodi) ndani. Gonga taka na upige brashi ya waya kila baada ya mstari mmoja, hata ukiona pamesafika. Wakikupa E7018, rodi isiyotaka unyevu, uliza kama imetoka ovenini. Rodi hiyo ikivuta unyevu, mshono hujaa vitundu na unaweza kupasuka hata baada ya kupoa. Swali hilo tu linamwonyesha mkaguzi kuwa unajua ulichoshika.

Fanyia mazoezi vyuma chakavu vya milimita 8, kisha vikate katikati ya mshono utazame ndani. Uso usikudanganye.

DadaWaAjira
Karatasi sasa. PIN ya KRA (ya kodi), namba ya NSSF (akiba ya uzeeni) na usajili wa SHA (bima ya afya): pata zote mapema. Kujisajili ni bure, ukilipa ni huduma ya saiba unalipia. Kadi ya NHIF weka kando, SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 2024.

Cheti cha mwenendo mwema unaombea eCitizen kwa Ksh 1,050. Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ichapishwe pande mbili za karatasi moja, maana ukileta karatasi mbili utarudishwa. Kisha unaenda Huduma Centre kupigwa alama za vidole. Hapo ndipo mafundi hukwama, kwa kuwa grinda na moto vimelainisha vidole hadi mistari haionekani. Wiki nzima kabla ya kwenda, vaa glavu kazini na upake mafuta vidoleni kila usiku.

Vyeti vya HELB (mkopo wa elimu), CRB (rekodi ya madeni) na EACC (kupambana na ufisadi) usivikimbilie. Hivyo huulizwa zaidi kwenye kazi za serikali, na tangu sheria ya ajira irekebishwe mwaka 2022, mwajiri anapaswa kukuomba vyeti vya namna hiyo pale tu anapokusudia kukupa mkataba wa kazi.

CV iwe ukurasa mmoja. Ukiandika "mchapakazi" hujasema kitu. Andika unene wa chuma ulichozoea, aina za rodi, mkao wa kuchomelea, na kama unasoma mchoro. Wadhamini wawili wanatosha: mwenye shule uliyomtengenezea paa au mwenyekiti wa kamati ya kanisa ni sawa kabisa. Wajulishe kabla, na namba zao ziwe zinapatikana.

Na tafadhali, ukiitishwa pesa za "medical" au "usajili" kwa M-Pesa kabla hujamwona mtu, achana nao. Inaniuma kuona vijana wakikopa kulipia kazi ambayo haipo.

Kabras_Road
Kaka, trade test (mtihani wa ufundi) ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ifanye, unaanza Grade III ukipanda hadi I, na kituo chao kimoja kiko Kisumu. Ila usikae ukingoja cheti. Viwanda vya sukari vikisimama kwa ukarabati wa mwaka huhitaji mawelda wengi kwa muda mfupi, mara nyingi kupitia makontrakta. Omba kazi za ngazi, majukwaa, chuti (mifereji ya kuteremshia) na mikanda ya kubebea miwa. Mabomba ya boila usiyadai kama hujapimwa kwa kazi ya presha, maana hapo kosa lako linaua mtu.

Kabla ya kuingia uliza: nani ananilipa, NSSF inapelekwa na nani, saa za ziada zinahesabiwaje. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja anahesabiwa mfanyakazi wa mwezi. Kwa hiyo weka daftari la tarehe, saa na jina la msimamizi wa zamu.

FundiGeti, Nakuru
Asanteni sana. Siku ya jaribio nibebe nini?

Karakana_Kisumu
Kofia yenye kioo namba 10, glavu za ngozi, buti zenye chuma vidoleni, ovaroli ya pamba (nailoni huyeyukia mwilini), nyundo ya taka na brashi yako. Halafu omba kipande cha kujaribia mashine kabla ya kuanza, kwa sababu namba zilizoandikwa kwenye kitufe mara nyingi hazilingani na moto unaotoka.