Sindano ya kinga ya VVU: tuipokee sasa au methadoni kwanza?

Hoja: Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenakapaviri, sindano ya kuzuia VVU inayochomwa mara 2 kwa mwaka. Zanzibar maambukizi kwa watu wazima hayafiki asilimia 1, ila kwa wanaojidunga dawa za kulevya yako juu zaidi. Fedha ziende kwenye sindano hii, au kwenye methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini?

Mfamasia, Chake Chake
Naiunga mkono sindano. Vidonge vya kinga vya kila siku vinakwama majumbani: kopo likionekana kabatini, mtu anadhaniwa anaumwa, anaacha. Sindano haina kopo. Siku ya kwanza anapimwa VVU, anachomwa sindano 2 chini ya ngozi ya tumbo, anameza vidonge 2. Kesho yake vingine 2. Basi, mpaka wiki ya 26.

Mshauri nasaha, Unguja
Ndugu Mfamasia, hiyo kesho yake ndiyo yenye kazi. Asipovimeza, dawa inachelewa kufika kiwango cha kukinga, naye anaamini keshakingika. Halafu anayechangia bomba la sindano na wenzake anakabiliwa na homa ya ini C pia, na sindano hii haimsaidii hapo. Methadoni inapunguza kujidunga kwenyewe. Lakini Kidongo Chekundu, kwenye kliniki ya methadoni mjini Unguja, dawa inanywewa mbele ya mhudumu kila siku. Wa Nungwi, kaskazini kabisa ya kisiwa, ataipata wapi nauli? Na dozi ikigota miligramu 40 kwa mtu anayehitaji 80, arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa ya kulevya, inamrudisha maskani kujidunga. Fedha ziende kwenye nauli na vituo vya kugawia.

Mtunza takwimu, Wete
Nyote hamjamtaja mlipaji. Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, miradi mingi ilisimama kwa sababu hata mishahara ya waelimishaji rika ilitoka huko. Lenakapaviri hutoka mwilini polepole mno. Anayekosa sindano ya pili hubaki miezi na dawa kidogo isiyotosha kumkinga. Akiambukizwa wakati huo, kirusi kinaweza kujenga usugu dhidi ya dawa. Bei ya dola 40 kwa mtu kwa mwaka imetangazwa kuanzia 2027. Kabla ya hapo, asianzishwe mtu ambaye sindano yake ya pili haimo Bohari Kuu ya Dawa.

Mfamasia, Chake Chake
Sharti hilo nalikubali, na naongeza: aulizwe dalili za kifua kikuu kwanza, maana rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hushusha kiwango cha lenakapaviri mwilini. Kuisubiri methadoni ndiko nisikokubali. Mwanamke anayefanya biashara ya ngono na hajidungi, methadoni itamkinga na nini?