Kushuka Uvinza: tuone nini pale kwenye chumvi na mto Malagarasi?

Msafiri wa Tabora: Ndugu zangu wa Kigoma, nawasalimu. Baba yangu mzazi alifanya kazi ya reli, akapita Uvinza mara nyingi bila kushuka. Mwezi wa saba nataka nimshushe pale kwa siku mbili, tuujue mji wenyewe na urithi wake. Tuanzie wapi?

Mwana wa Ruchugi: Mfikishie mzee shikamoo yangu. Anzeni na chumvi, kwa kuwa bila chumvi Uvinza isingejulikana. Karibu na mto Ruchugi, kabla haujaungana na Malagarasi, zipo chemchemi za maji ya chumvi ambazo Wavinza walikuwa wakiyateka na kuyachemsha katika vyungu wakati wa kiangazi, kwa sababu masika mto hufurika na kuzifunika; ndiyo maana mwezi mliouchagua unafaa. Mwaka 1967 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo na kukuta vigae vya vyungu na majivu vinavyoonyesha kwamba kazi hiyo ilianza yapata miaka 1,500 iliyopita. Mkiona kigae, kiacheni palepale: mabaki ya namna hiyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kikishaondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari yake.

Mkazi wa Ujiji: Naongeza habari ya mto. Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ililazimika kuvuka Malagarasi kwa mitumbwi, na watawala wa Uvinza walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuruhusu mtu kupita. Stanley alivuka mwaka 1871 akielekea kwa Livingstone, na punda wake mmoja alikamatwa na mamba humo mtoni. Hata hivyo, nakuomba usimalizie simulizi kwa wazungu hao. Waliobeba mizigo mabegani walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, yaani watu wa huko kwenu, na chumvi ya Uvinza ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafiri mbali katika njia hizo. Mkifika ukingoni, mwelezeni mzee hivyo.

Msafiri wa Tabora: Ahsanteni sana. Nimemsomea baba majibu yenu, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba miaka yote ile aliyaona magunia ya chumvi stesheni wala hakuwahi kuuliza yanatoka wapi. Sasa anataka kuzungumza na mzee wa Kivinza. Tumpate kwa njia gani?

Mwana wa Ruchugi: Pitieni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, mjitambulishe na kueleza nia yenu, wao ndio watakaowaelekeza kwa wazee, na pia kwa wenye kiwanda cha chumvi, maana bila ruhusa yao msizikaribie chemchemi. Nendeni asubuhi, kabla wazee hawajatoka kwenda mashambani, na mwacheni baba aongoze mazungumzo.