Kampuni ya Baba imeniandikia hotuba ya kumkumbuka. Niisome au niandike yangu?

BintiWaMaboksi aliandika:

Wakuu, habari za saa hizi.

Baba yetu alifariki mwezi uliopita. Tulishamzika, na kwa upande wa familia shughuli za msiba zimekwisha. Sasa kampuni yake inaandaa siku yao ya kumkumbuka. Watakuwepo wafanyakazi, waliostaafu, wateja wakubwa na watu wa benki, na nimeombwa niseme machache kwa niaba ya familia. Ndugu zangu wamenisukumia mimi kwa hoja kwamba ndiye muongeaji. Hawajui kuwa kuongea sana na kuongea vizuri ni vitu viwili.

Ofisi imeniletea hotuba imeshaandikwa, kurasa tatu. "Kiongozi mwenye maono." "Nguzo imeanguka." "Ameacha pengo lisilozibika." Kuna aya nzima ya vyeo vyake na miaka aliyovishika. Hakuna uongo humo, lakini ukifuta jina lake ukaweka la mzee mwingine yeyote aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi, inasomeka vilevile.

Baba ninayemjua mimi alianza na mashine moja ya mtumba ya kukata maboksi. Hewa ikiwa na unyevu karatasi inalegea na mashine inakwama, basi atakesha nayo. Jumamosi alitukusanya watoto wote tukaenda naye kiwandani, maana Mama alikuwa na zamu hospitali. Kazi za shule tulizifanyia kwenye meza yake. Karatasi za kuchorea tulizoruhusiwa ni zile zilizokwisha kutumika upande mmoja. Nzima haigusi mtu. Yeye anapitia ankara kwa kalamu nyekundu. Akikuta kosa hasemi kitu, anaigeuza ile karatasi anatuwekea mbele: "Tafuteni." Atakayeliona ndiye atakayekaa siti ya mbele wakati wa kurudi. Nilijua kodi inavyokokotolewa kabla sijajua kuendesha baiskeli, na sisemi kwa kujisifu, wadogo zangu wawili walinizidi.

Halafu usiku mezani alikuwa na swali lake. Wenzetu waliulizwa leo mmejifunza nini. Sisi tuliulizwa: "Leo nani anakudai?" Wala hakumaanisha hela. Ulimwahidi mwenzako kumrudishia kitabu chake hukurudisha, hilo deni. Ulisema utaosha vyombo ukalala, deni. Na yeye zamu yake ikifika alijibu kama sisi: "Fundi wa zamu ya usiku ananidai. Nilimwambia nitashughulikia ile taa ya nyuma ya ghala, sijashughulikia." Keshokutwa ukienda unakuta taa inawaka.

Ugumu uko hapa. Kuna mwaka kiwanda kilipoteza mteja mkubwa, Baba akapunguza karibu theluthi ya wafanyakazi. Aliwaita mmoja mmoja ofisini kwake, hakumtuma mtu. Mambo yalipotulia baadhi aliwarudisha, wengine hapana. Na wengine kati ya hao watakuwepo ukumbini. Ofisi wananiambia nisiguse kabisa jambo hilo. Mama anasema nikiliruka, wanaolijua watanisikiliza kwa sikio moja.

Naomba ushauri. Niisome ya kwao au niandike yangu? Hilo la kupunguza watu niliseme? Na niongee muda gani, maana sitaki kulia mbele ya watu wa benki. Baba mwenyewe alikuwa akisema usilie mbele ya anayekudai.

---

Mhariri_Mstaafu alijibu:

Pole sana binti, Mungu akupe nguvu.

Nimehariri jarida la ndani la kampuni kwa miaka mingi, na wasifu wa marehemu nimesoma wa kutosha. Hiyo ya ofisi usiitupe. Ina kazi yake: ichapwe kwenye ratiba ya siku hiyo, watu waipeleke nyumbani. Tarehe na vyeo ni vitu vya kusoma kwa macho. Ukivisoma kwa sauti, kufikia cheo cha tatu ukumbi umeshalala.

Wewe simama na yako. Ile kalamu nyekundu na lile swali la mezani vinatosha. Simulizi mbili. Ya tatu watu wanaanza kutazama saa, hata kama ni nzuri. Na ukishaisimulia ya kalamu nyekundu, tafadhali usiongeze "hii inaonyesha jinsi alivyokuwa makini na mwenye kupenda watoto wake". Wameshaona. Ukiwaeleza, unawanyang'anya.

Muda: dakika tano, saba ukizidisha. Maneno yetu ni marefu na mtu mwenye huzuni husoma polepole, kwa hiyo usitegemee zaidi ya maneno mia kwa dakika. Andika maneno mia tano au mia sita, uyasome kwa sauti huku umeshika saa. Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi (najua Baba asingependa), weka namba za kurasa, na usiache sentensi ikatike katikati ya kugeuza ukurasa. Hapo ndipo sauti hukatika pia.

---

ZamuYaUsiku alijibu:

Pole dada. Mimi nitajibu hilo la kupunguzwa, kwa sababu nimekaa upande wa pili wa meza. Nilipunguzwa na bosi niliyemheshimu, na alipofariki nilikwenda kumzika. Nilikaa nyuma kabisa.

Mtoto wake alisimama akasema "Baba aliwapenda wafanyakazi wote kama wanawe". Tuliokuwa nyuma tukatazamana. Hakuna aliyenung'unika, msiba ni msiba, lakini kuanzia hapo hatukusikia tena alichosema.

Mama yako yuko sahihi. Liseme. Ila liseme kwa sentensi mbili tatu, bila kumtetea na bila kumwombea radhi. Kumtetea utaonekana unabishana na watu waliokuja kumlilia baba yako. Kumwombea radhi, samahani dada, hiyo si yako kuitoa. Alichokifanya yeye ni kuwaita mmoja mmoja, mlango umefungwa. Sema hicho. Kwa aliyepitia hapo, tofauti ya kuambiwa na mwenye kiwanda ana kwa ana na kukuta barua imebandikwa ubaoni ni kubwa mno, hata kama jibu ni lilelile la nenda nyumbani.

Na nakuomba, msituite "familia kubwa ya kampuni". Familia haipunguzwi. Tuite kwa kazi zetu: mafundi wa mashine, wapakiaji, madereva, akina mama wa usafi, mhasibu. Mtu akisikia kazi yake imetajwa mbele ya wateja wakubwa atakaa wima kwenye kiti.

Hiyo ya taa ya nyuma ya ghala ndiyo usiiache. Kuna fundi mmoja mahali anaikumbuka taa hiyo kuliko wewe.

---

MsomaSheria alijibu:

Poleni na msiba. Wenzangu wamesema vizuri kuhusu maneno, mimi naongezea ya kutosema.

Ukishika kipaza sauti utajisikia kuwatuliza watu. "Kampuni itaendelea, hakuna atakayepoteza kazi, kaka yangu atashika usukani." Usithubutu. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu wake mwenyewe mbele ya sheria, tofauti na aliyeianzisha. Nchi zinazofuata mkondo wa sheria ya Kiingereza zinalitolea mfano shauri la Salomon lililoamuliwa London mwaka 1896. Mwanzilishi akifa, kampuni haifi. Inaendeshwa na bodi. Hisa zake zinaingia kwenye mirathi, na kwa kawaida hakuna wa kuzigawa wala kuzipigia kura mpaka apatikane mtekelezaji wa wosia au msimamizi wa mirathi anayetambulika kisheria. Taratibu zinatofautiana nchi na nchi, lakini mtoto kutangaza mrithi wa kiti jukwaani si utaratibu wa nchi yoyote ninayoijua.

Watu wa benki hawaji kusikiliza machozi, wanakuja kusikiliza nani anatia saini. Hilo wajibiwe na bodi kwa barua.

Na kama kuna mtu alikuwa akitia saini kwa niaba ya Baba kwa hati ya uwakilishi, mwambieni aache. Hati ya kawaida ya uwakilishi hukoma aliyeitoa anapofariki. Nimeona ndugu wanaopendana wakifikishana mbali kwa hundi moja iliyosainiwa baada ya maziko, na kwa nia njema kabisa.

---

BintiWaMaboksi aliandika:

Asanteni sana. MsomaSheria, umenishtua, kwa sababu rasimu ya ofisi ina sentensi ya "familia inawahakikishia ajira zenu". Naifuta leo leo, hata kwenye hiyo ya kuchapwa.

ZamuYaUsiku, nimemsomea Mama jibu lako. Amenyamaza kidogo, halafu akaniambia jambo nisilolijua: wiki ile ya kuwaita watu, Baba alikuwa akirudi nyumbani, na mezani lile swali hakuuliza. Wala sisi watoto hatukuligundua, tulifurahi tu kuponea. Sijui kama la kusema ukumbini.

Bado kilio. Na kuna hili: nina jumbe zake za sauti kwenye simu, nyingi ni za kazi, "nitumie ile orodha", "umekula?". Dada yangu mkubwa anasema nisizisikilize kwanza kwa sababu bado niko "hatua ya kukataa".

---

Mnasihi_Mkongwe alijibu:

Pole mwanangu. Mwambie dada yako kwa upole kwamba zile hatua tano za huzuni, zinazoanza na hiyo ya kukataa, hazikutokana na waliofiwa. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Baadaye ndipo watu wakazitandaza juu ya kila msiba, na sasa kila mfiwa anapimwa amefika kituo gani. Ninaowaona mimi hawaendi kwa mstari. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kitu kilicho karibu zaidi na ninachokiona: mfiwa huenda na kurudi, mara anaukabili msiba wenyewe, mara anashughulika na maisha yanayomdai. Asubuhi unapitia ankara vizuri tu, mchana "umekula?" inakuvunja magoti. Zote mbili ni kuomboleza.

Sikiliza jumbe zako ukitaka. Usipotaka, ziache.

Kuhusu kulia: isome hotuba kwa sauti ukiwa peke yako mpaka ujue ni sentensi ipi inayokukaba. Daima ni moja au mbili. Usiifute. Iwekee mbele yake sentensi nyepesi na baada yake nafasi ya kunywa maji. Ikikukaba, tazama karatasi, usitazame uso wa mtu unayempenda. Na mdogo wako mmoja akae mstari wa mbele akiwa na nakala yake. Ukishindwa anainuka anaendelea pale pale, bila kuomba samahani kwa hadhira. Ukilia pia, umelia. Watu wa benki nao wana baba.

Hilo la Mama, usiliseme mpaka yeye aseme sawa. Ni lake.

---

FundiSimu_ alijibu:

Pole sana. La haraka tu: jumbe za sauti zitoe kwenye simu sasa hivi, usingoje. Zihamishie kwenye kompyuta na kwenye diski nyingine, umpe na ndugu mmoja nakala. Simu inaibwa, inaanguka majini.

Namba yake ikikaa bila kutumika kampuni ya simu inaweza kuifunga na baadaye kumpa mteja mwingine. Nimeshuhudia mtu anapokea salamu za marehemu asiyemjua. Na WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika, kwa hiyo kama kuna makundi ya kazi aliyoyasimamia yeye, wekeni msimamizi mwingine mapema. Jumbe zilizoko kwenye simu yako wewe hazifutiki kwa sababu hiyo, usiogope.

---

BintiWaMaboksi aliandika:

Nimeshazihamisha. Mama amesema lile la swali niliseme, ila nimtazame yeye kwanza kabla sijaanza. Mnasihi, najua umesema nisitazame uso wa ninayempenda, hapo nitakuwa nimekiuka.

Swali la mwisho jamani, dogo. Nimtaje kwa jina au niseme "Baba"? Ofisini walikuwa wanamwita Mzee, na rasimu yao inamwita "Mwenyekiti Mwanzilishi" kila mstari.

---

Mhariri_Mstaafu alijibu:

Jina lake kamili mara moja, mwanzoni kabisa, kwa ajili ya wageni na wateja. Kuanzia hapo sema Baba. Kwenye ile ya taa ya ghala mwite Mzee, kwa sababu ndivyo fundi alivyomwita.