Tupeane uzoefu: wewe hushikaje mdundo?

Mpigangoma wa Kondele
Wadau, mimi hupiga ngoma katika kwaya hapa Kisumu. Kuna mtu ana sauti safi kabisa, lakini mwambie apige makofi huku akitembea kuingia kanisani, anapotea. Mwingine hajui noti hata moja na mguu wake haukosi.

Watafiti wana jaribio jepesi la jambo hili. Unasikilizishwa mlio unaojirudia, ti, ti, ti, nawe ugonge meza kwa kidole pamoja nao. Wengi hugonga kabla ya mlio, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na wala hawajui. Wanamuziki nao hutangulia, ila pengo lao huwa dogo zaidi. Kusikia mlio kisha kuujibu huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hivyo anayesubiri asikie ndipo agonge atachelewa kila mara. Mwili unapiga hesabu ya mlio ambao bado haujafika, na hilo kwangu ni jambo kubwa sana. Wewe mwili wako ulijifunzia wapi hesabu hiyo? Leteni mliyoyapitia wenyewe.

Omwana wa Kimilili
Mimi nilijifunza nikiwa nimeshika chinyimba, zile kengele za tohara. Kwetu Bubukusu tohara ni Agosti, mwaka unaogawika kwa mbili, na kabla ya siku yenyewe kijana huzunguka kwa jamaa akiwaalika. Mkononi una kengele, kwenye kifundo cha mkono umevaa chuma, unazigonga juu yake huku ukienda mbio za kucheza, na kundi la nyuma linaitikia wimbo. Kila mtu hudhani kijana ndiye anayeongoza. Lakini tulipokuwa tukipanda kilima kwenda kwa mjomba, mikono ikaanza kufa ganzi na kengele zikalegea. Kaka zangu hawakunisukuma wala kunigombeza. Walianza kuitikia mapema kidogo tu, kabla sijamaliza mstari wangu, na mikono ikawafuata yenyewe. Tulifika kwa khocha, huyo mjomba, mwendo ukiwa ule ule. Mpaka leo sijui nani alikuwa anamfuata nani, na naamini ndivyo inavyotakiwa iwe.

Nyar Dunga
Ndugu zangu, njooni ufuoni muone watu wakivuta boti kuitoa majini. Mwitaji anaanza, "Haraaaam..." na anairefusha makusudi. Hapo ndipo kila mtu anapanga miguu, anashusha kiuno, anajaza pumzi. Nguvu yote inakuja kwenye "bee!" Akiirefusha kidogo mno, nusu ya watu hawajajipanga na boti haitikisiki. Akizidisha, wengine wanavuta kabla na kuteleza kwenye tope. Baba yangu alikuwa mwitaji mzuri kwa sababu alikuwa akitazama magoti ya watu, si boti.

Mkimbiaji, Iten
Kwetu ni alfajiri, kundi zima kwenye barabara ya udongo. Mwanzo kila mtu na hatua zake, baadaye unasikia miguu imekuwa kama ya mtu mmoja. Wenye kasi wengi huwa karibu na hatua 180 kwa dakika. Mwenzako akichoka utamsikia kabla hujamwona.

Tabibu wa viungo, Nakuru
Asante kwa uzi huu. Nafanya kazi na wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huu huharibu sehemu za ndani za ubongo zinazosaidia kuanzisha mwendo na kuupanga kwa wakati. Mtu anafika mlangoni, anataka kupita, na miguu inagoma kama imegandishwa sakafuni. Tangu miaka ya 1990 imeonyeshwa kwamba ukimpa mlio wa kukanyagia, wengi hupata hatua ndefu na za kasi zaidi. Tunapima kwanza mwendo wake mwenyewe, kisha tunaweka mlio wenye kasi kuliko huo kidogo tu.

Nilikuwa na mzee mmoja, Mkorino, yaani muumini wa dhehebu la Akorino. Mlio wa metronomu ya simu ulimkera, akasema ni kama saa inamdai pesa. Mjukuu wake akaja na ngoma yao ya ibada. Alipoipiga mapigo ya kwanza, niliona kidole gumba cha mguu wa babu kikiinuka ndani ya kandambili kabla ya pigo la tatu. Kisha kisigino, kisha akapita mlangoni. Hakupona, na ngoma haiponyi ugonjwa huu. Lakini nyumbani kwao sasa kuna mtu wa kupiga kila asubuhi, na babu anakwenda mwenyewe hadi kwenye kiti cha nje.

Sajini Mstaafu, Vihiga
Kwenye maandamano ya kanisa tatizo letu ni umbali. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mkitembea hatua 120 kwa dakika, kila hatua ni nusu sekunde. Aliye mita 85 nyuma ya ngoma anasikia pigo likiwa limechelewa robo sekunde, yaani mguu wake uko hewani wakati wa mbele wamekanyaga. Watu wa nyuma hulaumiwa bure! Hawajakosea, wanafuata wanachosikia. Sisi tuliweka ngoma ya pili katikati, na mpigaji wake akaambiwa afuate mkono wa yule wa mbele kwa macho, asisikilize kabisa.

Mpigangoma wa Kondele
Mzee, hilo la macho linanishangaza. Si husemwa sikio hushika mdundo kuliko jicho?

Mwalimu wa viziwi, Kakamega
Taa inayowaka na kuzima ni ngumu kuifuata, kweli. Mkono unaoshuka ni tofauti, kwa kuwa unauona ukija. Wanafunzi wangu hawasikii na wanacheza isukuti, ngoma ya kwetu huku. Natumia mkono, na ngoma kubwa naiweka chini kabisa, imegusa mbao za jukwaa, nao wanacheza bila viatu. Msichana wangu wa mstari wa mbele hunionya kwa ishara mpigaji akianza kukimbiza mdundo, na mara nyingi mimi mwenye masikio nilikuwa sijatambua. Kwa hiyo mkitualika, tafadhali tupeni jukwaa la mbao. Kwenye sakafu ya saruji hawapati kitu.