Tupeane uzoefu: baiskeli za nyumbani hapa Tanga, kwenu nani anashika spana?

Mwanzisha mada, Makorora

Wana Tanga, habari za jioni. Mji wetu ni tambarare. Kutoka Chumbageni hadi Ngamiani mtu anakanyaga bila kushuka kusukuma, ndiyo maana nyumba nyingi hukosi baiskeli imeegemezwa ukutani. Leo naomba tuzungumzie zile tunazozitengeneza wenyewe uani. Nani kwenu anashika spana, alifundishwa na nani, na kazi gani mnaiweza?

Kwetu kuna Phoenix ya tairi 28 aliyotuachia marehemu baba. Jumapili tukishakunywa chai natandika gunia la katani uani, naipindua isimame kwa kiti na usukani, na binti yangu anachuchumaa pembeni na sahani ya bati. Kazi yake ni gololi. Gurudumu la mbele linabeba 10 kila upande, la nyuma 9 kila upande, na hizo za nyuma ni kubwa kidogo. Anazisuuza kwa mafuta ya taa, anazifuta moja moja, anainua kila moja kwenye mwanga. Yenye kidoa anaitenga bila kuniuliza, kwa sababu anajua gololi iliyolika inakula koni, ile nati ya ekseli inayozibana gololi, na koni ikishaliwa gurudumu litacheza hata ukaze vipi.

Kisha tunapaka grisi, gololi zinanasa humo zisidondoke, koni naikaza kwa vidole mpaka iguse, nailegeza kidogo, ndipo nafunga nati ya juu. Tunalizungusha. Likipunguza mwendo lenyewe, likayumba huku na huku, mwisho likasimama valvu ikiwa chini, binti anapiga makofi. Ni saa ninayoipenda kuliko zote za wiki, maana hapo ndipo ananihadithia mambo ya shule ambayo mezani hayasemi.

Mama wa Mabawa

Asante kwa mada, kaka. Mie mume wangu kazi yake ya baharini, kwa hiyo pancha za nyumba hii ni zangu. Alinifundisha baba yangu nikiwa msichana, akisema mtoto wa kike asikae njiani kungoja mtu.

Nitoe moja kwa akina mama wenzangu. Kabla hujafungua tairi, angalia valvu. Hizi baiskeli zetu kubwa valvu yake ndani ina kampira kembamba, na kale kakichanika upepo unatoka polepole, mtu anadhani ana pancha. Weka mate juu ya valvu, ukiona povu, badilisha kampira tu, basi umemaliza.

Ikiwa ni pancha kweli, beseni la maji litakuonyesha tundu. Kausha mpira, sugua kwa msasa, paka solusheni, halafu subiri. Hapo ndipo wengi wanaharakisha. Solusheni ikiwa bado mbichi kiraka hakishiki. Iache ikauke mpaka ukiigusa kwa kidole haikuachii utepe, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Na usirudishe tairi kabla hujapitisha vidole ndani yake taratibu, mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo.

Sasa jioni shoga zangu wa mtaani wanakuja na za kwao, kibarazani panajaa. Mmoja anaziba, mwingine anasuka ukili, chai inazunguka.

Muuza samaki, Sahare

Mama wa Mabawa umesema kweli tupu kuhusu mwiba.

Mimi adui yangu ni chumvi. Nachukua samaki sokoni Deep Sea alfajiri, kreti iko kwenye keria, barafu inayeyuka na maji yake yanachuruzika moja kwa moja kwenye cheni na friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma. Cheni isiyotunzwa hapa pwani inakuwa nyekundu upesi sana. Kila nikirudi, kabla sijanawa mwenyewe, naimwagia maji yasiyo na chumvi, naipangusa na kuiacha juani. Ikikauka natia mafuta ya cherehani ya mke wangu, tone kwa kila kipingili upande wa ndani, nazungusha pedali kinyumenyume, kisha nafuta yote yaliyobaki nje. Oili chafu ya gari siitaki. Ina vumbi la chuma, na mchanga wa barabarani unaigandia.

Kingine ni spoki. Baiskeli nyingi za zamani za mtindo huu zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, na ukibeba mzigo zinakatika za nyuma, upande wa friwili. Moja ikikatika usiseme zipo 39. Zilizobaki zinavutwa zaidi, ringi inapinda, na nyingine inafuata.

Kijana wa Nguvumali

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, ninaunganisha baiskeli kutoka vyuma vilivyotupwa. Fremu alinipa babu, usukani niliupata kwa jirani. Bibi ameniruhusu kuilaza ukumbini usiku ili isipate umande, ila nimetakiwa nitandike gazeti chini na nisiguse mapazia. Nimekwama mahali pawili: pedali ya kushoto haifunguki, na mkono wa pedali umelegea, kila nikikanyaga unagonga.

Mwanzisha mada

Marahaba mwanangu, na bibi yako msikilize, ukumbi ni wa wageni.

Pedali ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume. Ya kulia unaifungua kama nati yoyote, ya kushoto unazungusha spana kuelekea upande ambao kwa kawaida ungekuwa unakaza. Itie mafuta ya taa usiku, ijaribu asubuhi.

Huo mkono unashikwa na pini iliyochongwa upande mmoja. Ikilika, mkono unacheza. Legeza nati lakini usiitoe, ibaki usawa wa ncha ya pini ili nyuzi zisipondeke. Chini ya mkono simamisha kipande cha bomba la chuma kifike sakafuni, vinginevyo pigo lote linakwenda kwenye gololi za katikati. Piga nyundo mara moja kwa nguvu, si vigongo vidogo vidogo. Pini mpya ikiingia, gonga kidogo, kaza nati, endesha mpaka dukani na kurudi, kisha kaza tena, maana siku ya kwanza hulegea.

Kijana wa Nguvumali

Pedali imefunguka! Pini naifuata Ngamiani kesho nikitoka shule.

Mama wa Mabawa

Beba ile ya zamani mfukoni ukailinganishe pale dukani, mwanangu, zinatofautiana unene.