Mjadala: Kijana akienda boti Jumapili, anyimwe kipaimara?

Mzazi, Malindi: Wanajamvi, salaam. Mwanangu ana miaka 16, yuko mwaka wa pili wa mafundisho ya kipaimara katika usharika wetu wa Kilutheri. Msimu wa wageni humsaidia mjomba wake kwenye boti ya kioo, ile inayopeleka watalii kuona matumbawe kwenye hifadhi ya baharini. Sasa wazee wa kanisa wametoa kauli: anayekosa ibada kwa ajili ya kazi hapewi kipaimara.

Boti haifuati saa ya kanisa, inafuata maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na hapo ndipo matumbawe huonekana vizuri. Saa nne hiyohiyo ndiyo ibada. Yakija maji mafu, yasiyokupwa sana, kijana yuko kanisani bila kusukumwa.

Mimi nasema asinyimwe. Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529, ambayo watoto hawa wanakaririshwa, ikieleza amri ya tatu, ile ya kuitakasa siku ya mapumziko, haitaji kupumzika hata kidogo. Inataka tusidharau mahubiri na Neno la Mungu, tulisikie na kujifunza kwa moyo mkunjufu. Na Ungamo la Augsburg la 1530, ungamo la imani la sisi Walutheri, kifungu cha 28, linasema wanaodhani Jumapili imewekwa iwe sharti la lazima wamekosea sana.

Mwalimu wa kipaimara: Umesoma nusu, mzazi. "Tulisikie", haya, atalisikia wapi akiwa baharini? Tena hawa nawajua. Desemba anaanza na boti ya mjomba, anaokota maneno ya Kitaliano, Pasaka unamkuta ufukweni anauza vinyago, shule kaisahau.

Mzazi, Malindi: Botini yuko na mjomba wake. Mkimfungia mlango wa kanisa, huko ufukweni mtakuwa mmempeleka nyinyi.

Jirani, Shela: Mniwie radhi kuingilia ya Wakristo. Sisi Ijumaa tunafunga duka, tunaswali, tunafungua. Suratul Jumua yenyewe, aya ya 10, inasema swala ikiisha tawanyikeni mtafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Lakini swala haimngoji mteja. Mkiilegeza leo kwa boti, kesho ni mpira.

Mlutheri, Tanga: Huku KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, sharika nyingi zina ibada ya kwanza saa moja asubuhi. Kwenu hakuna?

Mzazi, Malindi: Mchungaji ni mmoja, mitaa ni mingi. Tukipata ibada moja tunashukuru.

Kijana wa mwaka wa pili: Shikamooni. Mnatujadili na hakuna aliyetuuliza. Hela ya Desemba ndiyo iliyoninunulia viatu vya shule. Amri zote kumi na maana zake nazisema bila kutazama kitabu. Wapo wanaokuja kila Jumapili na ya nne hawaifikii. Tuulizeni katekisimu, msituhesabu vichwa.

Mwalimu wa kipaimara: Marahaba, mwanangu. Ila kipaimara si mtihani wa KCSE. Utasimama ukiri imani uliyobatiziwa mbele ya usharika, na usharika wenyewe haukujui sura. Basi njoo Jumatano jioni tusome mahubiri ya Jumapili uliyokosa. Na Jumapili isiyo ya bamvua usikose hata moja. Usinidanganye, kupwa na kujaa nakujua, nimezaliwa hapahapa.

Mzazi, Malindi: Mimi hilo nalipokea. Wazee je, nani atakwenda kuwaambia?

Mwalimu wa kipaimara: Wewe. Mimi nitakaa nyuma yako.