Kijana wangu wa kidato cha tatu ameacha kusoma, lakini kila jioni anafundisha watoto wa jirani. Nifanyeje?

Mama Nafaka

Wanajamvi, shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Nina kijana, wa pili kuzaliwa, yuko kidato cha tatu shule ya kata hapa Morogoro. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili alifaulu vizuri sana, Hisabati A, Fizikia A, akachukua masomo ya sayansi. Mwaka huu ameporomoka. Ripoti ya Juni ina F ya Kemia na D ya Fizikia, amekuwa wa 74 kati ya 118, na mwalimu wa darasa ameandika kwa wino mwekundu: "Anaweza, hataki."

Baba yake ni dereva wa lori, njia ya Tunduma, mpakani na Zambia. Yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa zawadi. Kila A shilingi 5,000, na akifaulu kidato cha pili, simu janja. Mtoto alifaulu, simu ikanunuliwa. Sasa ameahidiwa kompyuta mpakato akipata divisheni ya kwanza kidato cha nne, aende akawe injinia. Alijibu "sawa baba," na hakuna kilichobadilika. Nimegomba, nimemnyang'anya simu, nimemlipia tuisheni ambayo nusu ya siku haendi.

Kinachonichanganya ni kwamba si mvivu. Kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza anafundisha hesabu watoto wa darasa la tatu na la nne, nyuma ya nyumba ya jirani. Halipwi hata senti. Jumamosi anakuja sokoni kunisaidia kubeba magunia bila kutumwa. Baba yake anasema hayo mafundisho niyapige marufuku. Niyapige?

Mchumi wa Kihonda

Piga marufuku, mama. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17 kwenye masomo saba bora, na kila F ni pointi 5. Kidato cha nne hakimsubiri mtu. Afundishe akishamaliza.

Mwl wa Chaki

Mama, pole sana. Naomba usipige marufuku kwanza. Huu ni mwaka wangu wa tisa nafundisha Fizikia shule ya kata, na watoto wa namna ya kijana wako nimewaona wengi.

Nianze na hizo 5,000. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, aliwapa wanafunzi wa chuo chemshabongo ya vipande vya kupanga. Kundi moja akalilipa kwa kila waliyoipatia, jingine hakulilipa. Malipo yalipokatwa, wale waliozoea kulipwa hawakuzigusa tena kwa hamu ile ya mwanzo wakati wa mapumziko. Walichokuwa wanakifanya kwa kukipenda kiligeuka kibarua, na kibarua kisicho na ujira nani anakifanya? Kijana wako simu ameshaipata. Zawadi si haramu, hata mimi nawapa wangu madaftari. Lakini zawadi ikitangulia kila kitu, mtoto anasahau alikipendea nini kitu chenyewe.

Wataalamu wa elimu, Jacquelynne Eccles na Allan Wigfield, wanaeleza kwamba mwanafunzi anakabiliana na maswali mawili hata kama hayatamki. Je, hili naliweza? Na je, lina maana gani kwangu? Hilo la pili ndipo yanapoingia yale anayoyathamini: kama somo linampa raha, kama linamjenga awe mtu anayetaka kuwa, kama litamfaa mbele ya safari, na kama anachokipoteza kwa ajili yake si kikubwa mno. Kijana wako swali la kwanza alishalijibu kidato cha pili. La pili mmemjibia ninyi, mkasema uinjinia, na yeye akasema "sawa baba."

Sasa nikwambie kitu nilichokifanya mwenyewe. Mwaka 2009 Chris Hulleman na Judith Harackiewicz walichapisha katika jarida la Science utafiti wa madarasa ya sayansi ya sekondari huko Marekani. Wanafunzi wengine waliandika muhtasari wa somo, wengine wakaandika somo hilo linahusianaje na maisha yao. Wale ambao hawakutarajia kufanya vizuri, walipoandika kuhusu maisha yao, hamu yao ikaongezeka na alama zikapanda. Nikasema ngoja nijaribu. Tulikuwa kwenye mada ya msuguano. Binti mmoja akaandika juu ya breki za bodaboda ya kaka yake anaposhuka na abiria kutoka milimani Uluguru, na jinsi anavyozibadilisha mapema msimu wa mvua. Mada ya joto ilipofika, mwingine akaandika kwa nini nyaya za umeme zinalegea mchana wa jua kali. Kiingereza chao kilikuwa cha kuungaunga, nikawaruhusu waanze na Kiswahili, tukakihamisha pamoja. Yule wa breki tangu kidato cha kwanza hakuwahi kunyoosha mkono. Siku ile alisimama akaeleza dakika tano, darasa kimya.

Ushauri wangu: nenda kamwone anavyofundisha. Usiende kukagua. Kaa chini, mtazame, na jioni umuulize pale anapata nini ambacho shuleni hapati. Akikujibu, usimkatize.

Kaka Mkubwa

Naunga mkono mwalimu. Mimi ni wa kidato cha nne 2012, mwaka ule matokeo yalipotoka zaidi ya nusu ya watahiniwa tuna sifuri, Serikali ikaunda tume, mwaka 2013 yakapangwa upya. Ya kwangu hata yalipopangwa upya yalibaki sifuri.

Nyumbani walinitisha, wakanibembeleza, mjomba akaahidi pikipiki nikirudia mtihani. Sikusikia lolote. Kilichonirudisha ni mdogo wangu wa darasa la tano aliyeniletea daftari lake nimsaidie hesabu za sehemu, nikashindwa, akalifunga taratibu bila kusema neno akaenda kwa mtoto wa jirani. Kwangu mimi kuwa kaka ni jambo kubwa, baba yetu alifariki mapema. Nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchana naosha magari, usiku nasoma. Nikapata divisheni ya tatu, nikaenda chuo cha ufundi, leo ni fundi umeme. Sijui kama ile pikipiki ingenifikisha hata mwezi wa pili.

Binti Hesabu

Mama, mimi nitakupa upande wa aliyetii. Baba alitaka daktari, nikasoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, hadi kidato cha sita. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kusoma Biolojia huku machozi yanatoka, na asubuhi sikumbuki kitu. Walimu wakasema sijitumi. Nilikuwa najituma mno, ila kama mtu aliyebebeshwa mzigo asioujua una nini ndani.

Na wakati huohuo, tangu kidato cha pili, nilikuwa mimi ndiye ninayeandika daftari la kikoba cha mama yangu. Ikipungua shilingi mia silali hadi nijue imekwenda wapi. Nikiona mjane amekatwa faini kimakosa nasimama mbele ya akina mama watu wazima namtetea. Hakuna hata mtu mmoja aliyeona kwamba pale ndipo nilipo. Matokeo ya kidato cha sita hayakunifikisha udaktari. Sasa ni mhasibu wa saccos na naipenda kazi yangu, lakini miaka ile siwezi kuirudisha. Usimkatishe kijana kabla hujajua pale nyuma ya nyumba kuna nini.

Mama Nafaka

Asanteni sana. Jana nimefunga meza mapema nikaenda.

Ubao wake ni mlango wa choo cha zamani, ameupaka unga wa betri zilizokwisha hadi ukawa mweusi. Chaki ni vile vipande vinavyobaki darasani kwao, anaviweka kwenye kopo la maziwa. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Alikuwa anafundisha sehemu kwa muwa. Anaukata pingili nne sawasawa, anampa mtoto moja, anamuuliza, "Una ngapi ya ngapi?" Akipatia, anakula. Kuna katoto kamoja kalikosea mara tatu, kakaanza kulengwa na machozi. Mwanangu akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mimi pia hapa paliwahi kunishinda," akaanza upya. Mara ya nne katoto kakapatia.

Wanajamvi, sijawahi kumwona mwanangu na uso ule nyumbani.

Usiku nikamuuliza kama alivyosema mwalimu. Akakaa kimya muda, kisha akasema, "Mama, pale nisipokwenda wananisubiri. Shuleni tuko mia na kumi na nane. Nisipokuwepo hakuna anayejua." Halafu akaniambia Kemia alishaachwa nyuma tangu Februari na anaona aibu kuuliza, maana wenzake wanajua ni yule wa A.

Sikujua niseme nini. Nimemrudishia simu, basi.

Mzee wa Msamvu

Mwanangu, umefanya vyema kwenda. Ila tusimwache baba wa watu nje ya mazungumzo haya, kila mtu hapa anazungumza kama yeye ndiye tatizo.

Nimeendesha malori miaka ishirini na mbili. Foleni ya Tunduma unaweza kulala siku tatu chini ya tela, unaoga maji ya dumu, mtoto anazaliwa nyumbani wewe unapigiwa simu. Baba huyo akisema "injinia," mimi nasikia anasema, "asilale chini ya tela kama mimi." Hiyo nayo ni tunu, na ni ya upendo. Kosa ni kwamba kijana anaiona kama bei: A moja, elfu tano. Hajaonyeshwa imetoka wapi. Likizo ijayo kama sheria za tajiri wake zinaruhusu, amchukue safari moja, asimhubirie njiani, amwache aone. Wangu wa tatu nilimchukua hadi mpakani mwaka mmoja. Hakuwa injinia, lakini tangu siku ile tulizungumza kama watu wawili wenye shabaha moja.

Na baba naye aone huo mlango wa choo.

Mchumi wa Kihonda

Nimesoma, mama. Kuhusu muda nabaki na langu, saa mbili kila jioni ni nyingi kwa mtu mwenye F ya Kemia. Lakini neno marufuku nalifuta. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na apange ratiba yeye mwenyewe, siyo wewe. Halafu kama moyo wake uko kwenye kufundisha, ajue walimu wa sayansi na hisabati ndio wenye upungufu mkubwa nchini. Hiyo F inamzuilia njia yake mwenyewe, siyo ya baba yake. Aambiwe hivyo.

Mama Nafaka

Nimemwambia maneno hayo ya mwisho kama yalivyo. Aliinuka akaleta daftari la Kemia, likawa mezani usiku kucha. Ratiba amepanga: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa watoto wake, siku nyingine mbili anakwenda kwa mwenzake wa kidato cha nne kusoma Kemia ya tangu Februari. Tutaona.

Baba yake nilimpigia jana, yuko foleni siku ya pili. Nilimweleza yote, pamoja na ile ya "hakuna anayejua." Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Watoto wako wangapi?" Nikamwambia kumi na mmoja. Akauliza tena, "Mlango gani, ule wa bawaba zilizovunjika?" Nikamwambia ndio huo. Akasema akirudi Alhamisi ataupigilia miguu usimame vizuri, usije ukaangukia mtoto. Kompyuta hakuitaja.

Mwalimu, nina swali moja. Anasema kwenye Fizikia mada ya joto kusafiri hajaielewa, na mimi shule niliishia la saba. Nimsaidieje?

Mwl wa Chaki

Leo ukipika ugali, mwombe aweke mwiko wa mbao na kijiko cha chuma kwenye sufuria moja ya maji yanayochemka, kisha ashike vyote viwili kwa juu. Jumatano awaeleze wale kumi na mmoja kwa nini kimoja kimemuunguza na kingine hapana. Akishindwa kuwaeleza, aandike palipomkwamia, anitumie hapa.